Kijana anatufundishia watoto bure shule ya kata, tumlipe au tumwache "ajitolee"?

Mjumbe wa Bodi

Wakuu salaam, naomba mawazo yenu maana kikao cha wazazi kimetuvuruga na kuna kingine kinakuja.

Mimi ni mzazi na niko kwenye bodi ya sekondari ya kata huku kwetu kijijini. Mwalimu wa fizikia alihamishwa, mbadala hajaletwa. Sasa kuna kijana wa hapahapa, kamaliza chuo kikuu ualimu wa fizikia na hesabu, ajira hajapata, akaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule akasema nipeni vipindi nifundishe kuliko kukaa nyumbani naangalia ng'ombe. Akapewa. Mwanzoni ilikuwa form two tu, sa hivi ana fizikia form one mpaka form four na hesabu za form three juu yake, zamu anapangiwa kama mwajiriwa, daftari anasahihisha usiku kwa tochi ya simu maana kwao umeme haujafika, na Jumamosi ana kipindi cha ziada na form four. Malipo yake ni chai ya saa nne na ugali maharage wa mchana ule unaopikwa kwa wanafunzi. Basi.

Kwenye kikao baadhi yetu tukapendekeza kila mzazi atoe buku kwa mwezi apewe posho. Zogo likaanzia hapo. Mmoja akasema elimu ni bure tangu 2016, asitokee mtu kutudai. Mwingine akasema ukimlipa anayejitolea unamharibia thawabu zake, mama mmoja akasimama akamuuliza thawabu inanunua sabuni? Watu wakacheka lakini jibu halikutoka. Halafu kuna mzee akasema, na hii ndo iliniuma kweli, kwamba kijana anapata uzoefu kwetu kwa hiyo yeye ndo angetakiwa atushukuru sisi.

Na hawa watu sio wachoyo jamani. Msiba ukitokea saa nane usiku kijiji kizima kiko pale, kuni zinakuja, mahindi yanakuja, kaburi linachimbwa hakuna anayeuliza posho. Mwaka jana paa la mjane liliezuliwa na upepo, kabla wiki haijaisha lilikuwa limerudi. Sasa kwa nini kwa huyu kijana mioyo imekuwa migumu hivi? Kwenu mnafanyaje na walimu wa namna hii, na nyie wenyewe mnaonaje, kujitolea maana yake usipewe kitu kabisa?

ticha_wa_hiari

Mkuu umeniandika mimi kabisa, tofauti ni kwamba mimi nafundisha baiolojia na kemia na niko mkoa mwingine.

Ngoja nikwambie kwa nini tunakwenda, maana watu wanadhani wote tuna sababu moja. Kuna anayeenda kwa sababu anaipenda kazi kweli, ukikaa nyumbani unasahau, ukija kuitwa intaviu hukumbuki hata kupanga andalio la somo. Kuna anayeenda kwa matumaini kwamba nafasi zikitoka atafikiriwa. Mimi nina vyote viwili sioni aibu kusema. Lakini usaili wa walimu wa Januari 2025 uliniamsha, waombaji zaidi ya laki mbili kwa nafasi elfu kumi na nne na ushee, tumekaa kwenye mtihani mmoja na mtu ambaye tangu amalize chuo hajawahi kushika chaki. Simlaumu, na yeye anatafuta kula. Ila ile miaka yangu ya darasani pale kwenye karatasi ya mtihani haikuwa na pa kuandikwa.

Kinachochosha sio kukosa hela peke yake. Ni kwamba hakuna mtu anayeona kwamba mipaka ilishavukwa. Ulisema utafundisha vipindi nane kwa wiki vinakuwa ishirini na nne, unapewa ualimu wa darasa, unapewa usimamizi wa mtihani, ukiomba ruhusa siku mbili ukalime kwenu unaangaliwa kama mtoro, kwenye kikao cha walimu maksi za somo lako zikiwa mbaya unasimamishwa uzieleze. Majukumu yote ya mwajiriwa unayo, haki za mwajiriwa huna hata moja, na ukilalamika unaambiwa si ulijitolea mwenyewe.

Mwambie huyo mzee wa uzoefu kwamba uzoefu unatosha mwaka wa kwanza. Baada ya hapo watoto ndo wanaofaidi, na ni sawa wafaidi, ndo maana tunaenda, lakini asiseme tunadaiwa shukrani.

Kamanda wa Kusini

Mnakuza mambo. Kujitolea ni kujitolea, hakuna aliyemshika mkono. Akiona anaumia aache akatafute shule ya private au apige bodaboda. Mkianza kumlipa leo kesho watakuja watano wote wanataka posho, wazazi wenyewe hela ya daftari hawana.

Mama Wawili

Kamanda akiacha nani ataingia darasani kufundisha fizikia ya form four? Wewe? Hilo la hela ya daftari ni kweli kabisa na nakuunga mkono, huku kuna mtu ana watoto watatu shuleni, buku tatu kwa mwezi sio hela ndogo kwake. Ila kuna tofauti ya kusema sina na kusema hastahili. Mwenye debe la mahindi alete debe la mahindi.

Mzee wa Same

Nimesoma nimeona nichangie maana mimi nimekulia kwenye msaragambo, na vijana wengi siku hizi wanalitaja hilo neno kama hadithi tu.

Kwetu Upareni likipigwa la mgambo ulijua kesho kuna kazi. Mfereji umeziba, barabara imekatika, darasa linahitaji mawe. Mnatoka wote. Wanaume wanavunja mawe, akina mama wanateka maji na kubeba mchanga, watoto wanabeba kile wanachoweza. Asiyekuja bila sababu alitozwa, zamani hata jogoo wake alichukuliwa. Wengi humu mtasema huko sio kujitolea ni kulazimishwa, na mna haki ya kusema hivyo, lakini sisi hatukuona hivyo kwa sababu hata mwenyekiti alikuwa na jiwe kichwani na mwalimu alikuwa na jiwe kichwani. Kazi ikiisha kila mtu anarudi shambani kwake. Haikuwa kazi ya mtu mmoja kila siku ya Mungu huku wengine wanapita wanampungia mkono.

Hizi shule za kata mnazozitaja zilijengwa hivyohivyo. Kuanzia ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, wa 2004 na kuendelea, kazi ilikuwa wananchi tunainua boma mpaka kwenye lenta, serikali inakuja kupaua na kumalizia. Nimechimba msingi wa shule mbili kwa mikono hii. Na kuna maboma yalibaki pale miaka mingi bila bati, mvua inanyesha ndani, nyasi zinaota mpaka usawa wa dirisha, kila ukipita unakumbuka jasho lako. Mkitaka kujua kwa nini watu walianza kuchoka na mambo ya kujitolea anzieni hapo. Mtu alitoa siku yake, akatoa mfuko wa saruji, akaona upande wa pili haujatimiza. Mara ya tatu ukimwita haji, na hata akija kikaoni anakuja amekunja uso kama huyo mzee wa kijijini kwako.

Kwa hiyo ndugu mjumbe, mimi huyo mzee namwelewa alikotoka ila simkubalii. Sisi tulipokuwa tunabeba mawe tulilishwa. Makande yalipikwa, pombe ya miwa ilikuwepo kwa wanaokunywa, ukiumia mguu shamba lako lililimwa na wenzako. Huyo kijana shamba lake nani amelima?

Wanjiku wa Nakuru

Hapa Kenya hiyo story tumeishi nayo sana. Tuko na walimu tunawaita wa BOM, yaani wanaajiriwa na bodi ya shule na wazazi ndio wanalipa, wengine wanapata elfu saba wengine elfu kumi na shule zikifungwa hawapati kitu. Halafu junior secondary ilipoanza 2023 serikali ikachukua maelfu ya walimu kama intani, 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ukikatwa unabaki na kama 17,000. Kazi ni ileile ya mwalimu wa permanent. Mei 2024 waligoma shule zikakaa wiki kadhaa bila masomo, wakisema mwalimu amehitimu na amesajiliwa, uintani ni wa nini tena. Na mahakama ya kazi mwezi wa nne mwaka huohuo ilikuwa imeshasema TSC, ile tume inayoajiri walimu, haina haki ya kuwaajiri kwa mtindo huo.

Lakini pia niseme jambo zuri. Kuna wale wa afya ya kijiji, wanatembea nyumba kwa nyumba kuangalia wajawazito, watoto wamechanjwa, mgonjwa wa TB amekunywa dawa. Kwa miaka walifanya bure, mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao na viatu vyake alinunua mwenyewe. 2023 wakapewa jina jipya, wakapewa mkoba wa vifaa na simu, na posho ya 5,000, nusu inatoka serikali kuu nusu kaunti. Si pesa nyingi na kuna kaunti zinachelewesha lakini mama mkubwa alisema kilichomfurahisha zaidi ni kwamba sasa akibisha mlango watu wanajua ametumwa na nani. Kabla ya hapo kuna boma walimfukuza wakifikiri anapeleleza.

Sisi harambee iko kwenye damu, mtu akiugua mnachanga, mtoto akiitwa chuo mnachanga. Shida yetu ilikuja wanasiasa walipoifanya jukwaa, mtu analeta mamilioni hujui ametoa wapi na wewe na mia mbili yako unaonekana hujatoa kitu. So nikisikia mzazi hataki kuchanga, mara nyingi nauliza kwanza kama pesa ya mwisho iliyochangwa ilionyeshwa ilienda wapi.

Mpishi wa Moshi

Naomba niwape upande ambao labda hamjaufikiria. Mimi napika kwenye hosteli wanayofikia vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja Moshi kujitolea. Wengi wamemaliza sekondari juzi. Wanalipa kampuni za kwao hela nyingi ndo waje wafundishe hapa wiki mbili tatu, wanakatiwa kibali cha ukaazi daraja C, wanapelekwa shule za chekechea na vituo vya watoto. Sisemi ni wabaya, wengi wana roho safi kabisa, wanalia siku ya kuondoka na kuna waliorudi wakajenga vyoo na madarasa yanayoonekana kwa macho.

Ila mwanangu alisoma chekechea moja kati ya hizo. Kila kundi jipya likija linaanza na rangi na siku za wiki kwa kiingereza. Wanaondoka, linakuja lingine, rangi tena. Mtoto alimaliza mwaka anazijua rangi hata usingizini lakini kuandika jina lake nilimfundisha mimi jikoni. Na pembeni alikuwepo dada mmoja wa kitanzania, ana cheti cha ualimu wa awali, ndo anafunga watoto kamba za viatu na kuwafuta makamasi na kuwatulizia vilio wageni wakiondoka, analipwa vijihela vya nauli. Picha zikipigwa yeye ndo anashika kamera.

Hapo ndo niliona thamani tunayompa mtu inategemea ametoka wapi. Mgeni akija kusaidia tunamchinjia mbuzi, na mimi ndo nampika huyo mbuzi kwa hiyo najua. Kijana wa kwetu akija kusaidia tunasema anatafuta uzoefu. Mjumbe kaulize kikaoni kwenu, angekuja mzungu kufundisha hiyo fizikia wangemuacha ale ugali wa wanafunzi na kusahihisha kwa tochi?

Dada wa Maabara

Mimi naomba nitofautiane kidogo na wengi hapa. Nilijitolea maabara ya hospitali baada ya chuo, bila senti, nauli natoa kwa kaka. Na nisingejitolea nisingekuwa hapa nilipo. Nilijifunza mashine ambazo chuoni tuliziona kwenye slaidi tu, nilijua kuongea na mgonjwa anayeogopa sindano, na ilipotoka nafasi ya mkataba mkubwa wangu ndo alinipigia simu. Kwa hiyo sitaki vijana wasome hapa waone kujitolea ni ujinga wakae nyumbani na bando.

Lakini wa kwangu ulikuwa na masharti. Barua iliandikwa, miezi sita, siku nne kwa wiki, naripoti kwa nani, na siruhusiwi kutoa majibu bila mkubwa kusaini. Miezi sita ilipoisha niliitwa nikaulizwa unaendelea au unaenda. Kuulizwa kwenyewe tu ni heshima. Huyo kijana wa fizikia kuna siku aliulizwa?

Kamanda wa Kusini

Dada hapo umeongea. Nilichokuwa napinga mimi ni kumfanya mwajiriwa wa mlango wa nyuma, ila barua yenye mwanzo na mwisho sina ubishi nayo.

Niko Kigali

Salaam kutoka huku. Rwanda Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, saa mbili asubuhi mpaka saa tano, kuanzia miaka 18 mpaka 65, maduka yanafungwa barabara zinakuwa tupu. Iko kwenye sheria na usipoenda bila sababu kuna faini inafika faranga 5,000. Mnafyeka, mnachimba mitaro, mnajenga madarasa, na baada ya kazi mnakaa kikao cha mtaa hapohapo chini ya mti. Mimi mwanzo niliona kero, sasa naipenda kwa sababu ya kile kikao zaidi, ndipo nilipojuana na majirani. Ila hata huku kufundisha fizikia hakufanywi kwa umuganda. Kwa masaa matatu kwa mwezi unachimba mtaro ukaisha, mtoto wa form four anahitaji mtu kila siku.

Mkuu Mstaafu

Nimekuwa mkuu wa shule za serikali muda mrefu kwa hiyo nitajibu upande wa utaratibu, maana moyo mmeshauongelea vizuri.

Kwanza msimlaumu mkuu wa shule haraka. Ruzuku ya uendeshaji ina mafungu yake, karatasi, chaki, mitihani, ukarabati mdogo, huwezi kuchota humo ukalipa mshahara wa mtu asiye kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi walioidhinishwa, mkaguzi akija unajibu wewe. Na suala la michango lina historia. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni baadhi yetu tulirudisha mpaka hela ya uji. Alikuwa na sababu, kuna shule watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, mtoto wa maskini anakosa darasa kwa elfu mbili. Tangu hapo mkuu wa shule akisikia neno mchango anaogopa, bora akae kimya kijana aendelee kula ugali.

Kwa hiyo njia ni hii ndugu mjumbe. Wazazi wenyewe ndio waamue kwenye mkutano wao, muhtasari uandikwe wazi kwamba ni hiari na hakuna mtoto atakayeguswa kwa sababu mzazi wake hakutoa. Muhtasari uende kwa mtendaji wa kata na halmashauri mpate kibali kabla shilingi moja haijakusanywa. Hela zisipite mikononi mwa mwalimu yeyote. Na bandikeni kwenye ubao wa matangazo kila mwezi zimeingia ngapi na zimetoka ngapi, ndugu yetu wa Nakuru amesema kweli, watu wananuna kwa sababu hawakuonyeshwa.

Pili muandikieni barua huyo kijana, hata kesho, hiyo haihitaji hela. Anafundisha nini, vipindi vingapi, mpaka lini, nani msimamizi wake. Mkuu wa shule asaini, nakala kwa afisa elimu. Mpunguzieni zamu, zamu ni ya mwajiriwa. Nilikuwa na binti mmoja wa hesabu, tulimtafutia chumba kwenye nyumba ya mwalimu iliyokuwa wazi na wazazi wakamlimia ekari moja ya mahindi kwa zamu. Hela taslimu tuliyompa ilikuwa ndogo sana. Alikaa mpaka alipopangiwa kituo, na siku anaondoka walimu tulishindwa kula.

Na tatu, pelekeni maombi ya mwalimu wa fizikia kila muhula kwa maandishi. Nimeona shule zikipata mtu wa kujitolea zinaacha kudai, na huko juu wakiangalia wanaona matokeo sio mabaya, wanapeleka mwalimu kwingine. Huyo kijana wenu anaweza kuwa anaziba pengo lilelile ambalo lingemletea yeye ajira.

ticha_wa_hiari

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya tatu sikuwahi kuifikiria na imenikaa vibaya sana kichwani. Jumatatu namuuliza mkuu wangu kama barua ya kuomba mwalimu wa kemia iliwahi kutumwa tangu nifike.

Mgeni Njia

Mimi la kwangu dogo tu. Watu wa Bukoba ndege ilipoanguka ziwani Novemba 2022 wavuvi walienda na mitumbwi yao kabla ya mtu yeyote, akina Majaliwa Jackson wakapiga mlango kwa kasia, watu 24 kati ya 43 wakatoka hai. Kariakoo 2024 ghorofa lilipoanguka watu walikuwa wanachimba kwa mikono. Kwa hiyo mjumbe uko sahihi kwamba sio uchoyo. Jambo la ghafla tunaliona sote. La kila siku tunalizoea, na nadhani kijiji chenu kimemzoea huyo kijana.

Mjumbe wa Bodi

Wakuu nimesoma zote, nyingine mara mbili mbili. Mzee wa Same na Mkuu Mstaafu shikamooni.

Nilimpitia kijana nyumbani kwao jana jioni nikamuuliza moja kwa moja anataka nini, maana kumbe kwenye kikao kizima hakuna aliyemuuliza. Hakutaja hela kwanza. Alisema anataka barua, kwa sababu alikwenda kuomba mahali akaulizwa ushahidi kwamba amefundisha akakosa cha kuonyesha. La pili taa ya sola ya kusahihishia. Posho akaitaja mwishoni, akasema chochote mtakachoweza.

Barua nimeongea na mkuu wa shule asubuhi hii, ameiandika mbele yangu, zamu ameondolewa na hesabu za form three zimerudi kwa mwalimu wake. Taa bodi tunachanga wenyewe, hiyo haihitaji kibali cha mtu. Shamba akina mama wa kikoba wamesema watalima, na yule mama aliyeuliza habari ya sabuni ndo kawa kiongozi wao. Kwa mtendaji naenda na muhtasari kikao kikishapita. Na barua ya kuomba mwalimu wa fizikia nimeitafuta kwenye faili la bodi, ya mwisho ni ya kabla kijana hajaja, kwa hiyo Mkuu Mstaafu ulichosema ndicho kilichotokea kwetu.

Nina swali moja limebaki. Tukiomba mwalimu wa fizikia kwa maandishi na akaletwa mwingine kutoka mbali, huyu wetu anakosa hata hicho kidogo. Kuna namna ya kumtaja kwenye barua kwamba yupo, ana sifa na anaijua shule, au hairuhusiwi? Mwenye uzoefu wa halmashauri anisaidie kabla ya kikao.